Mabati Yaliyogeuka Trekta

Mwanangu wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga, mvua ikinyesha, mama mkwe akiwa ameshika turubai juu yangu na kumfokea mume wangu asigeuke nyuma. Mume wangu alitazama mikia ya ng'ombe mpaka mtoto alipolia. Hospitali tulifika mtoto akiwa tayari ananyonya, muuguzi akaniuliza nimekuja kufanya nini.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililozungumzwa mkutanoni. Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulihamishwa kutoka mabondeni tukapangwa kando ya barabara, tukaambiwa tukikaa pamoja huduma zitatufuata. Nyumba zilinyooka mstari, huduma zikachelewa. Tulikuwa na zahanati ya chumba kimoja, mganga mmoja na vidonge vya malaria, vikiwapo. Wilaya ilituahidi mkunga na vitanda kwa sharti moja: tujenge chumba cha kujifungulia, kiwe cha bati. Nyasi hawakutaka kuzisikia.

Ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, watu wazima wote, mbele ya ghala. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wa mume wangu, kaka wa mama mkwe, kwa hiyo nami nilimwita mjomba. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema ulezi wa shamba la kijiji umestawi mwaka huu, tuamue fedha yake ifanye nini. Baadhi ya wanaume walitaka ng'ombe wa kulimia. Mama mkwe akapiga magoti mbele ya wazee, akapiga makofi ya heshima kama Wafipa tunavyofanya, kisha akasimama.

"Mkwe wangu amezaa njiani kama mbuzi," alisema. "Mimi nataka bati."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, ila mkono niliunyoosha, na mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko ile ya ng'ombe. Ikaandikwa: fedha ya ulezi ni ya mabati ya chumba cha kujifungulia.

Nimesema "tunavyofanya" lakini mimi ni wa kuja. Baba yangu alihamia Sumbawanga kutoka Mbeya, karani wa serikali, akanisomesha mpaka kidato cha nne. Kwenye somo la siasa tulifundishwa kwamba serikali haitumii fedha ya wananchi, wala haikopi kwa jina lao, mpaka Bunge likae, lisikie, liulize, likubali. Waziri anaomba, wabunge wanatoa au wanakataa. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nililijibu vizuri. Siku ile, mtoto mgongoni, nilijisemea kwamba hili ghala na huu umati ndilo Bunge letu, na mimi nimo. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Mwezi wa tatu tukaingia shambani. Asiyejua Ufipa hajui ntumba, kwa hiyo nieleze. Mvua zikielekea kuisha, nyasi zimesimama mpaka kifuani, unazikata kwa jembe pamoja na mizizi yake, unazilaza, unazifunika kwa udongo mpaka linakuwa rundo la duara linalokufika magotini. Hiyo ndiyo ntumba. Juu yake unapanda maharage. Maharage yakivunwa, ntumba zinaachwa zilale kiangazi kizima, nyasi zioze humo ndani. Mvua mpya zikianza unazibomoa, unatawanya udongo ule mweusi, unamwaga ulezi. Hakuna mbolea nyingine. Kwa macho ya mpita njia, shamba la ntumba wakati wa kiangazi ni pori lenye vichuguu. Kwetu sisi ni chakula cha mwaka unaofuata.

Nililima mstari mmoja na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Mikono yangu ya shule ilichubuka, akanicheka.

"Shika jembe, wewe, usilishike kama kalamu."

"Ngoja na wewe ubebe mimba, nitakuona."

"Mimi nitazaa kitandani, chini ya bati," alisema, "kama mke wa mkuu wa wilaya."

Mwezi wa tano alikuwa mjamzito. Mwezi wa nane wanaume walifyatua matofali mabichi na wifi alikuwa miongoni mwetu tuliobeba maji. Alikuwa akishusha ndoo anaingia ndani ya kuta, anasimama mahali alipoamua kwamba kitanda chake kitakaa. Kuta zilifika juu, ikawekwa na miti ya kenchi. Tukabaki kusubiri malipo ya ulezi, ambayo kila mwaka huchelewa. Yalifika mwezi wa kumi. Mjomba akavaa koti lake, akapanda basi la kutoka Laela, akaenda mjini kununua mabati.

Tulisikia ngurumo kabla ya kuona kitu. Kisha likatokea trekta jekundu, jipya, dereva amevaa ovaroli, na mjomba amekaa juu ya bawa la gurudumu kubwa, koti limejaa vumbi, anapunga mkono kama bwana harusi. Watoto walikimbia nyuma yake. Na watu wazima walikimbia, nisiseme uongo. Lilikuwa trekta zuri.

Nilingoja ashuke.

"Shikamoo mjomba. Mabati yanakuja na gari lingine?"

"Marahaba. Mabati ndiyo haya." Akalipiga trekta kwa kiganja. "Hili litazaa bati la zahanati, bati la shule, na la nyumba yako wewe."

"Mkutano uliamua mabati."

"Wilaya imeleta mpango, mwanangu. Kila kijiji kinachojiweza kichukue trekta. Fedha ya ulezi imekuwa malipo ya kwanza, iliyobaki benki imetukopesha. Tutalipa kwa mazao."

"Nani kakubali tukope?"

"Halmashauri ya kijiji ilikaa."

Mume wangu alikuwa pembeni. Ni mtu mpole, lakini hapo aliuliza, "Ilikaa lini, mjomba? Mjumbe wa huku kwetu alikuwa nami shambani wiki nzima."

"Ilikaa mjini. Wale tuliokuwapo."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tulitosha."

"Na mkutano mkuu?" nikauliza mimi.

"Mkutano utaarifiwa."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekuambia chai iko jikoni. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Hakuona kwamba amechukua kitu. Watu mia kadhaa walikaa, wakabishana, wakanyoosha mikono, na watatu wanne wakakaa kwenye benchi la ofisi fulani mjini, wakapewa soda, wakatia sahihi deni ambalo litalipwa na mgongo wangu. Halafu mimi nitaarifiwa.

Baada ya manyunyu ya kwanza akaja bwana mipango wa wilaya kuzindua trekta. Alikuwa kijana msafi, viatu vyeusi, anaongea taratibu. Alitaka shamba la kando ya barabara, wageni wakipita waone. Kando ya barabara palikuwa na ntumba zetu, zile za mwezi wa tatu, zimeiva, zinasubiri kubomolewa.

Dereva alisimamisha trekta, akachungulia.

"Hapa pana vichuguu vingi, mzee. Nipite?"

Mjomba alizaliwa Ufipa. Mama yake alimbeba mgongoni akilima ntumba, na yeye mwenyewe alizilima mpaka mvi zikatoka. Alijua kilichomo ndani ya kila moja. Mama mkwe alimtazama. Sisi wanawake wote tulimtazama. Bwana mipango naye alimtazama, anatabasamu, anasubiri. Mjomba akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Pita," alisema.

Plau lilizama. Ule udongo mweusi ulikwenda chini na ule mwekundu, wa njaa, ukaja juu. Kabla jua halijawa kali kazi ya wanawake wa kijiji kizima ilikuwa imegeuzwa chini juu, na bwana mipango akatushukuru kwa ushirikiano. Wanaume wa halmashauri walipiga makofi. Wifi yangu aliinama, akaokota bonge la udongo mwekundu, akalivunja, akanionyesha.

Ulezi tulioumwaga pale uliota mwembamba na wa njano, magugu yakaupita kimo. Trekta lililima mashamba mengine mawili, kisha dizeli ikaisha, na dizeli mwaka ule ilikuwa haba hata mjini. Ilipopatikana kidogo, pampu yake ikaharibika. Likaachwa palepale kando ya barabara, kwenye shamba letu, magurudumu ya mbele yamezama kwenye tope. Nalo jengo likabaki bila kofia wakati mvua za Ufipa zinapiga. Mume wangu na vijana wenzake walijitolea kuliezeka kwa nyasi, kazi ya siku chache. Mjomba aliuliza wilayani, akarudi na jibu kwamba ramani inasema bati na tusiivuruge ramani. Ukuta wa upande wa kitanda, kile kitanda cha wifi, uliloa, ukavimba, ukalala chini mwezi wa kwanza. Mwingine ukaufuata.

Uchungu wa wifi ulianza asubuhi, mwezi wa pili. Mama mkwe alimshika tumbo, akamshika tena, nikajua kuna shida. Mganga wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, mpelekeni haraka. Mume wangu alikimbia kwa mjomba.

"Trekta linaweza kuvuta tela?"

"Halina pampu. Wilaya inafuatilia."

Tukafunga ng'ombe. Mkokoteni uleule, turubai lilelile. Mimi sasa ndiye niliyelishika. Tulilipita lile trekta pale shambani, jekundu, limeoshwa na mvua, linang'aa, na wifi akageuza kichwa akalitazama mpaka likapotea. Mto ulikuwa umejaa, tukasubiri upungue, na hapo ukingoni mtoto alitoka. Mama mkwe alimgeuza kwa mikono yake, sijui alivyofanya. Mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikukoma. Tulitumia kanga zetu zote. Wifi aliniomba maji, nikampa, akasema baridi, nikamfunika kwa kile nilichobakiwa nacho. Alikufa kabla maji ya mto hayajapungua. Tukageuza ng'ombe.

Wa kwangu alikuwa bado ananyonya. Jioni ile nilimweka huyu mdogo ziwa la pili. Mume wa wifi, kijana wa watu, aliniletea nguo za mtoto zimekunjwa vizuri, akaziweka mlangoni akaondoka.

Mjomba alichimba kaburi kwa mikono yake na hakukubali kupokewa jembe. Alilia kweli. Nilimchukia zaidi kwa sababu alilia kweli.

Mwezi wa saba tulipeleka mahindi kwenye ghala la kijiji, maana kuuza kwingine kulikatazwa. Mama mkwe alisubiri kwenye foleni, magunia yake yakapimwa, akapewa fedha kidogo mno. Akadhani kuna kosa.

"Ni makato, mama," alisema mpimaji. "Mkopo wa trekta."

"Mimi sina trekta."

"Ni la kijiji."

"Haya, mwambieni kijiji aje alipe."

Watu kwenye foleni walicheka, kisha wakafikiwa na zamu yao, wakaacha kucheka.

Wiki ile ile ukaitishwa mkutano mkuu. Bwana mipango alikuja tena, viatu vilevile. Alieleza kwamba benki iko tayari kutuongezea fedha ya pampu na kuturefushia muda, ila imegundua kasoro ndogo: haijaona popote kwamba mkutano mkuu uliafiki mkopo wa kwanza. Kwa hiyo leo tuafiki yote mawili, la zamani na jipya, mambo yaende.

Nilipiga magoti, nikapiga makofi kwa wazee, kwa sababu adabu sikuipoteza. Nikasimama na mtoto wa wifi ndani ya mbeleko.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu, kwa kifupi."

"Tunaombwa tukubali kukopa, au tunaombwa tukubali kwamba tulishakopa?"

Kicheko kilipita. Bwana mipango alitabasamu.

"Dada, maswali ya namna hiyo ni ya Bungeni."

"Na hapa ni wapi?"

"Hapa ni ghalani," mtu alidakia kutoka nyuma. "Tumekuja kukatwa."

Mjomba alinyanyua mkono kutuliza watu. Alikuwa mzuri wa utani na alijua utani unavyoua hoja. "Mnaona wenyewe. Ndiyo shida ya kuoa binti wa karani. Ukimpa chumvi, anataka risiti."

Walicheka sana. Hata mimi midomo ilitaka kunicheza. Kisha nikafungua mbeleko, nikamgeuza mtoto, uso wake ukaelekea mezani.

"Mimi sikupewa chumvi, mjomba. Nilipewa huyu."

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba aliangalia meza. Niliendelea. Nilisema fedha ya ulezi ilikuwa yetu, na tulisema wazi iende wapi. Nilisema wilaya ina haki ya kushauri na halmashauri ina kazi ya kutekeleza, lakini kusema ndiyo au hapana kwenye fedha na kwenye deni ni kwetu, kwa sababu anayekatwa mahindi ni sisi. Nilisema kama trekta lingeletwa mkutanoni kwanza, mama mkwe angeuliza litalima wapi, na ntumba zingekuwa hai, na ulezi ungekuwapo, na bati lingekuwapo. Nikakaa.

"Wanaoafiki," alisema mjomba, "wanyooshe mikono."

Iliinuka ya halmashauri, na si yote.

"Wasioafiki."

Watu walikuwa wanaogopa, na sikuwalaumu. Bwana mipango alikuwa ameshika kalamu. Mtu wa kwanza kunyoosha alikuwa mama mkwe, dada yake mwenyekiti. Hakuunyoosha tu, alisimama nao juu, akimwangalia kaka yake usoni. Kisha mume wa wifi. Kisha mstari wa wanawake, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyokuwa tumejipanga shambani. Mjomba hakuhesabu. Haikuhitajika.

"Nimeona," alisema bwana mipango, akafunga kalamu yake.

Tulirudi nyumbani tunaongea kwa sauti kubwa. Usiku ule nililala.

Tulipopeleka maharage ghalani tuliona makato yako palepale, na yamepanda. Pampu ilikuwa imekopwa. Nilimfuata mjomba nyumbani kwake, nikamkuta anashona mkeka. Hakunitazama.

"Halmashauri ilikaa," alisema.

"Mjini?"

"Mjini. Wamesema mkutano ulipotoshwa, na deni halisubiri wanaobishana. Ningefanyaje, mwanangu? Nikikataa wataweka mwingine."

"Ungekataa."

Akaendelea kushona. Pampu ililetwa, haikuwa ya trekta la aina ile.

Mwaka mwingine umezunguka. Mwezi huu wa tatu tumeingia shambani tena, wanawake, bila kuitwa na kengele ya kijiji. Hakukuwa na mkutano. Tulikubaliana kisimani, maneno machache. Tunalima ntumba kando ya barabara, palepale, na tumelizungushia trekta pande zote. Nyingine zimeegemea magurudumu. Na tumekubaliana hili pia: ulezi utakaotoka humo hautapita kwenye mizani ya kijiji. Tutaubeba kichwani tuteremke nao mpaka soko la Muze, tuuze sisi, tununue bati sisi. Najua ni kosa. Najua mgambo wanaweza kutungoja njiani, na fedha ikikamatwa haitarudi. Lakini kama hawatuulizi kabla ya kutumia, basi wasikute cha kutumia. Hicho ndicho kilichobaki mkononi mwetu, na hata hicho hakipatikani bila jembe.

Juzi mjomba alikuja mpaka ukingoni mwa shamba. Amekonda. Alisimama muda, anatazama udongo mweusi unavyofunika nyasi, na nadhani mikono yake ilitamani.

"Nani kawaruhusu kulima hapa?" aliuliza.

Mama mkwe hakuinua mgongo. Alilaza nyasi, akazifunika, akapigapiga kwa jembe.

"Utaarifiwa," alisema.

Mjomba alikaa juu ya ngazi ya trekta, kofia magotini. Huyu mdogo wa wifi, ambaye ameanza kusimama, alitambaa kutoka kwenye kanga niliyomtandikia, akaenda akashika gurudumu, akainuka, akamtazama. Anafanana sana na mama yake. Nilitupa jembe nikaenda kumchukua kabla yule mzee hajanyoosha mkono.